Mpira Mmoja wa Mwalimu Anyosisye

Ukimuuliza mtu yeyote wa Chanji, mtaa wa Sumbawanga mjini, habari za Mwalimu Anyosisye, atakwambia ni mtu mzuri. Akishasema hivyo atatafuta la kuongeza, na hatalipata. Miaka ishirini na miwili amefundisha shule ileile, amekaa nyumba ileile ya kupanga, na Jumapili ameketi benchi lilelile la tatu kutoka mlangoni katika kanisa la Moravian. Hajagombana na mtu, wala hajaomba uhamisho. Wenzake waliopangiwa Sumbawanga pamoja naye kutoka Mbeya, mmoja ni mkuu wa shule, mwingine ana duka la vifaa vya ujenzi, wa tatu yuko wizarani Dodoma. Yeye aliwahi kuulizwa anataka nini maishani, akajibu kwamba anataka asiharibu. Mkewe Elizabeth, Mnyakyusa asiyemung'unya maneno, husema ameolewa na mtu anayebisha hodi hata kwake mwenyewe.

Sasa, mtu wa namna hiyo ndiye aliyewaletea wasichana wa shule ile mchezo wa kriketi.

Aliujulia chuoni alipokuwa anasomea ualimu. Kwa asiyeujua, mambo yako hivi: nyuma yako vimesimikwa vijiti vitatu, mbele yako mtu anakuja mbio na kukurushia mpira mgumu wa ngozi, nawe una bati la mbao mkononi. Vijiti vikiangushwa, umetoka. Mpira wako ukidakwa kabla haujagusa chini, umetoka. Lakini hukuwekwa pale kulinda tu. Unatakiwa uupige uende, ukimbie, upate mbio, ndizo pointi zenyewe, na ukiupiga ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini unaandikiwa mbio sita papo hapo.

Hapo ndipo wapigaji wanapogawanyika. Anayeshambulia hufungua mguu wa mbele, akainua bati juu na kushuka nalo kama anayepura ulezi. Mpira ukimkubali, anavuna kwa dakika kumi kile ambacho mwenzake atakihangaikia mchana kutwa. Ukimkataa, anarudi kukaa chini na wenzake. Anayezuia husogeza bati karibu na mguu, akalegeza mikono, na mpira ukifika unafia palepale miguuni pake. Huyo kumtoa ni kazi. Ila naye hapati kitu, labda moja leo na moja kesho.

Anyosisye alikuwa wa kuzuia. Katika mechi moja ya chuo alisimama tangu mwanzo hadi mwisho, akapata mbio nne. Chuo chake kilishindwa vibaya, na wenzake hawakumsemesha siku mbili. Mpaka leo akiisimulia mechi hiyo anasema, "Lakini hawakunitoa," na uso unamng'aa.

Miaka sita iliyopita viongozi wa kriketi kutoka Dar es Salaam walimpelekea begi la vifaa kwa basi: mabati matatu, vijiti, pedi za miguuni, glavu, na mipira sita myekundu iliyonukia ngozi mpya. Ndani mlikuwa na fomu. Kila mwisho wa mwaka aijaze, aeleze vifaa vina hali gani, na kilichopungua ataletewa. Mwalimu aliipanga ile mipira mezani kwake na kuiangalia jioni nzima, hata Elizabeth akamwuliza kama ni mayai.

Uwanja wa shule umelala kwenye mteremko. Upande mmoja kuna shamba la mahindi la jirani, upande wa pili korongo lenye nyasi ndefu ambalo masika hujaa maji. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, mpira mmoja ulikuwa umemezwa na korongo na mwingine umeingia kwenye mahindi usionekane tena. Fomu ikaja. Kwenye swali la idadi ya mipira, Mwalimu alishika kalamu akatoka jasho. Angesema amepoteza miwili, wangemwonaje? Akaandika: "Yote sita ipo na iko katika hali nzuri." Akaituma.

Ndipo hapo alipojifunga kamba shingoni. Mwaka wa pili ulipotea wa tatu na wa nne, na sasa hakuwa na la kuandika, kwa sababu aliyesema ana sita hawezi kuja kusema ana miwili bila kuulizwa maswali. Fomu ile akaiweka kwenye droo. Iliyofuata nayo akaiweka juu yake. "Andika, Baba Happy," Elizabeth alikuwa akimwambia. "Watakula wewe?" Naye alijibu, "Nitaandika, Mama Happy, ngoja kwanza." Mipira ile haiuzwi Sumbawanga, na Mbeya aliulizia maduka mawili wakamwonyesha ya tenisi.

Wa tano ulipotezwa na Fortunata. Msichana huyo hakujua kuzuia hata kidogo. Alikuwa na mabega mapana na kicheko kikubwa, na kila mpira uliomjia aliuona kama umemtukana mama yake. Siku hiyo aliupiga ukapaa juu ya korongo, ukaenda kuangukia mbali kabisa, huku wasichana wote wakipiga vigelegele. Walitafuta hadi giza likaingia, wasiuone. Asubuhi Mwalimu akaandika kanuni ubaoni kwa chaki, nayo ikawa sheria ya uwanja ule: anayepiga mpira juu ametoka, hata usipodakwa. Anayeutoa nje ya uwanja ametoka, na hatacheza mwezi mzima.

Fortunata alitumikia mwezi wake na hakurudi. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda kwa dada yake Kirando, na habari zilizokuja ni kwamba anaanika dagaa.

Ukabaki mpira mmoja. Mwalimu aliuweka kwenye soksi yake ya sufu, akaufungia kabatini, akaupaka mafuta kila Ijumaa. Kwa mpira huo mmoja wasichana wake walicheza miaka mitatu, wao kwa wao, kwani hapakuwa na timu nyingine ya karibu. Walipiga chini, walipiga taratibu, walizuia. Na katika wote aliyezuia kuliko wenzake ni Cornelia.

Cornelia ni binti wa Mzee Adolfu wa kijiji cha Mpui, familia ya wakulima Wakatoliki wa mahindi na ulezi. Alipofaulu kwenda sekondari aliletwa kwa shangazi yake Chanji. Utotoni kazi yake ilikuwa kuamia ndege shambani, kukaa kutwa na kopo na jiwe akiwafukuza wasile ulezi, kwa hiyo kungoja hakukumsumbua. Mwalimu alimfundisha kila alichokijua yeye. Jicho kwenye mpira mpaka mwisho. Kiwiko juu. Mikono ilegee. Ilifika wakati wasichana wenzake wakawa wanamrushia alasiri nzima bila kuvigusa vijiti vyake, na mpira ulikuwa ukidondoka mbele ya viatu vyake na kutulia. Mwalimu akiona hivyo alikuwa akigeuza uso pembeni, maana machozi yalimlenga. Alimpenda mtoto yule kwa sababu alikuwa yeye mwenyewe, ila mwenye kipaji.

Mwaka jana Cornelia alimaliza kidato cha nne, na matokeo hayakumpeleka kokote. Mzee Adolfu akatuma ujumbe: arudi nyumbani, mashamba yanangoja mikono. Wiki hiyohiyo simu ya Mwalimu ikalia, tangazo kwenye kundi la walimu wa michezo. Timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka kumi na tisa ilikuwa inatafuta wachezaji. Mwezi wa nane kocha angefika Mbeya kuwapima wasichana wa nyanda za juu. Watakaochaguliwa wangekwenda kambini Dar es Salaam, na huko wangepewa nafasi ya kuendelea na shule. Cornelia alikuwa anatimiza miaka kumi na tisa Novemba. Alikuwa na nafasi hiyo moja, na baada yake hakukuwa na nyingine.

Mwalimu akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya: alipanda basi kwenda Mpui kumwomba mtu kitu.

Mzee Adolfu alimkaribisha kiti uani. Alimsikiliza hadi mwisho, akachezesha kofia yake magotini.

"Mwalimu, mimi mchezo huo siujui," alisema. "Nimesikia tu kwamba mtoto anafukuza mpira. Sasa niambie wewe uliyesoma. Atachukuliwa?"

"Atachukuliwa, Mzee Adolfu."

"Una hakika?"

"Miaka mitatu hakuna aliyemtoa. Niachie hadi Agosti."

"Basi hadi Agosti. Wewe ndiye umesema."

Mwalimu alirudi mjini akijisikia mrefu. Miezi yote iliyofuata alimfanyisha Cornelia mazoezi kila jioni, baridi ya Ufipa ikiwapasua midomo, upepo ukiwajaza vumbi machoni. Aliongeza kuzuia juu ya kuzuia. Asubuhi binti alimsaidia shangazi yake kuuza uji wa ulezi, jioni alikuwa uwanjani na pedi zake zilizofungwa kwa kamba za katani. Siku moja tu aliuliza, "Mwalimu, huko Mbeya nao wana mpira mmoja?" Mwalimu alicheka, akamwambia afikirie kiwiko chake.

Ijumaa ya safari basi liliposimama Mpui, Mzee Adolfu alikuwa kando ya barabara tangu alfajiri. Alimpitishia binti yake viazi vya kuchemsha dirishani pamoja na rozari ya mama yake. Kwa Mwalimu alisema tu, "Tunangoja," akakaa palepale mpaka basi likaondoka.

Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule moja huko Mbeya ulikuwa na wasichana kumi na saba. Kocha aliitwa Janeth, mwanamke mwembamba aliyevaa kofia ya jua na kushika daftari, na aliongea kama mtu mwenye haraka asiye na ubaya. Aliwaambia kila binti atarushiwa mipira ishirini na minne. Akitolewa, anaendelea, ila itaandikwa. "Mchezo wa siku hizi ni mfupi," alisema. "Nataka kuona mbio. Nimebakiwa na nafasi moja tu ya mpigaji."

Mwalimu alilisikia neno "mbio" na akamtazama Cornelia. Akajipa moyo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alijiambia. Wataona wenyewe mtoto huyu alivyo mgumu.

Kabla ya Cornelia aliingia binti mmoja wa kutoka Vwawa. Mwalimu alipomwona akifungua mguu wa mbele na kuinua bati, alimkumbuka Fortunata: mabega yaleyale, hasira ileile ya kuchekesha. Alikosa mpira wa kwanza. Wa pili akautoa nje ya uwanja, ukapotelea kwenye mikaratusi. Mwalimu bila kujua alipiga hatua mbili kuelekea kwenye ile miti ili akasaidie kutafuta. Hakuna mwingine aliyesogea. Mwamuzi alitia mkono mfukoni akatoa mpira mwingine, akamrushia mrushaji, na mchezo ukaendelea.

Mwalimu alisimama pale katikati ya njia kama aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Binti yule alitolewa mara mbili, na akamaliza na mbio thelathini na mbili. Mpira mwingine aliupiga nje, na mwamuzi akatia mkono mfukoni tena.

Zamu ya Cornelia ilipofika, mrushaji wa kwanza alikuwa na kasi kuliko yeyote aliyewahi kumwona. Cornelia alisogeza bati kwenye mguu na mpira ukafa. Wa pili ukafa. Wa tatu uliruka kifuani, akalegeza mikono na ukadondoka. Watu walinong'ona kwa kumstahi. Walibadilisha mrushaji, wakaleta anayezungusha mpira kwa vidole, naye akapata majibu yaleyale. Baada ya mipira kumi na minane hakuna aliyekuwa amekaribia kumtoa, na alikuwa na mbio tano.

Na Kocha Janeth alikuwa ameweka kalamu chini. Mwalimu aliiona ile kalamu ikiwa imelala juu ya daftari na akaelewa yote. Miaka sita yake ilikuwa pale uwanjani, imesimama vizuri, kiwiko juu, na haikuwa inapata kitu.

Ikaja nafasi ya kunywa maji kabla ya mipira sita ya mwisho. Mwalimu aliinyakua chupa, akakimbia hadi katikati ya uwanja. Watu wa umri wake hawakimbii hivyo.

"Cornelia, piga."

Binti alimtazama asielewe. "Nipige vipi, Mwalimu?"

"Piga juu. Piga nje. Piga kwa nguvu zako zote."

"Utapotea."

"Upotee! Wana mingine. Piga, mwanangu, nakuomba, piga!"

Alisema kwa sauti ya kulia, na Cornelia akaogopa. Hakuwahi kumsikia hivyo. Aliitika, "Sawa, Mwalimu," kama alivyoitikia miaka yote, akarudi kusimama.

Mpira wa kwanza ulipokuja aliinua bati, na katikati ya safari mikono ikarudi yenyewe, ikazuia. Wa pili aliukosa kabisa, ukapita pembeni ya vijiti kwa upana wa kidole. Wa tatu aliuzuia. Kwenye mstari Mwalimu alikuwa anapunga mikono yake hewani, anampigia mpira ambao hakuwa nao, na walimu wengine wakawa wanamwangalia yeye badala ya uwanja.

Wa nne ulidunda mbali naye, ukaja polepole. Cornelia alifungua mguu wa mbele. Bati lilishuka, mlio wake ukasikika safi hadi barabarani, na mpira ukapaa. Ulipaa juu ya wadakaji, juu ya mpaka, juu ya uzio, ukavunja vitawi vya mikaratusi na kutokomea. Haukuwa umepigwa mpira wa mbali kama huo asubuhi yote ile. Kocha Janeth alisimama. Mwamuzi akainua mikono yote miwili juu kuonyesha sita.

Naye Cornelia akaweka bati kwapani, akainamisha kichwa, akaanza kutoka uwanjani.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Alikuwa anatembea haraka, anafungua glavu kwa meno, hamtazami mtu. Kisha wasichana wakaanza kucheka, mwamuzi akawa anamwita, "Dada! Dada, unakwenda wapi?" Hakusikia, au alisikia akadhani anakemewa. Mwalimu alimkimbilia. Alipomfikia, binti alikuwa ameshavuka mstari, uso wake umejaa machozi.

"Nimeupoteza, Mwalimu," alisema. "Nisamehe."

Mwalimu alimshika mabega akamgeuza kuelekea uwanjani, akasema, "Ni sita, Cornelia. Ni mbio sita. Hujakosa chochote, rudi." Cornelia alimwangalia mwamuzi anayempungia, akawaangalia wasichana wanaocheka, akamwangalia Mwalimu. Mwalimu aliona wazi kwamba hakumwamini. Alirudi kwa sababu ameambiwa arudi. Mipira miwili iliyobaki aliizuia, mmoja baada ya mwingine, vizuri kama vile kitabuni, ikalala mbele ya viatu vyake.

Mbio kumi na moja. Katika kumi na saba, ni yeye peke yake ambaye hakutolewa.

Kocha Janeth alisoma jina la binti wa Vwawa mbele ya wote, kisha akamwita Mwalimu pembeni ya gari lake. Hakuwa mtu mkatili, na hilo lilifanya maneno yake yawe mazito zaidi.

"Mikono ya mtoto huyu ni mizuri kuliko ya wote niliowaona mwaka huu," alisema. "Na ule mpira aliopiga, sijui kama kuna mwingine anaweza. Kwa nini hapigi, Mwalimu? Nani amemkataza?"

Mwalimu akamweleza. Korongo, mahindi, kanuni ya ubaoni, mpira kwenye soksi. Fomu hakuitaja mpaka alipoulizwa, na alipoulizwa aliitaja kwa sauti ndogo sana. Kocha Janeth alimsikiliza, kisha akazunguka nyuma ya gari akafungua buti. Mlikuwa na boksi la mipira, myekundu, mipya, mingi.

"Hii ni ya kugawa," alisema. "Kila mwaka inabaki. Mngeandika tu."

"Niliona aibu, Madam."

"Aibu ya nini? Mpira ni wa kupotea, Mwalimu." Akachukua mfuko, akamhesabia sita, akampa.

Hapo Mwalimu Anyosisye, asiyewahi kumsumbua mtu, alimshika mkono mwanamke yule asiondoke. Aliomba. Alisema mtoto arushiwe mipira sita mingine, sita tu, sasa amejua, sasa atapiga. Alisema kosa ni lake, waandike kosa kwenye jina lake. Alisema amemwahidi mzazi. Watu walikuwa wanaona, na hakujali. Kama angekuwa hivyo siku moja tu katika miaka ile sita, mambo yangekuwa mengine, lakini majuto ni mjukuu. Kocha Janeth alimwacha aseme hadi akaishiwa.

"Nikimpa yeye, kumi na sita watadai," alisema taratibu. "Na jina nimeshalisoma mbele yao, ni yule wa Vwawa. Mfundishe kupiga, umlete mwakani."

"Mwakani amevuka umri. Novemba hii."

Kocha Janeth aliangalia chini. Alisema pole, akasema tena pole, kisha dereva akawasha gari.

Jumapili walipanda basi la kurudi. Cornelia alikaa dirishani na Mwalimu akakaa kando yake, mfuko wa mipira sita magotini, na ule wa zamani ukiwa mfukoni mwa koti ndani ya soksi yake. Tunduma walishuka kununua maji. Laela hawakushuka. Njia nzima Mwalimu alitunga maneno ya kumwambia, akayaona hayafai, akatunga mengine. Mwishowe alisema, "Ni mimi, Cornelia. Si wewe." Binti alijibu, "Hapana, Mwalimu," kwa adabu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai, akaendelea kutazama nje.

Mpui, Mzee Adolfu alikuwa pale alipoachwa. Amevaa koti la kanisani. Basi liliposimama Cornelia alichukua begi lake, na Mwalimu akashuka nyuma yake kwa sababu hakuweza kubaki ndani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Imekuwaje?"

Mwalimu alijaribu kusema. Cornelia akamtangulia.

"Hawakunitoa, baba. Walirusha wote, hakuna aliyenitoa."

Uso wa mzee ulifunguka. Alimshika Mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa. "Basi ameshinda! Si ulisema, Mwalimu? Ulisema!" Mwalimu aliutazama mkono wake ukitikiswa. Utingo alikuwa anagonga ubavu wa basi na kumwita apande. Neno la kumkatalia mzee yule hakulipata, na Cornelia alikuwa anamtazama kwa macho yanayosema asilitafute.

Akatia mkono mfukoni. Akautoa ule mpira wa zamani kwenye soksi, uliokwaruzika na kung'aa mafuta, akauweka kwenye kiganja cha binti.

"Chukua. Ni wako."

Cornelia aliugeuza mara moja, akaushika jinsi alivyofundishwa, vidole viwili juu ya mshono. Kisha akainua macho, akatazama nyumbani kwao: mabua yaliyokauka, nyasi hadi mlimani, mashamba yasiyo na mwisho. Akamrudishia.

"Huku utapotea, Mwalimu," alisema, akajitwika begi lake, akamfuata baba yake.